Kwa Nini Unga wa Ihonda Huoneshwa Kabla ya Kupikwa

Mgeni akija kula kijijini kwetu Ihonda kwa mara ya kwanza, hucheka. Maji yakishachemka, mwenye nyumba hutoka jikoni na ungo wa unga, akaupitisha mbele ya walaji kana kwamba anauuza, na kila mmoja hutakiwa autazame na kusema, "Nimeuona." Hapo ndipo unga huingia chunguni. Mlenda nao huletwa katika bakuli lake peke yake, wala hakuna anayethubutu kuuchanganya na kitu kingine jikoni. Mgeni hudhani tunajigamba kwa unga. Mwacheni acheke, yeye atakula na kwenda zake. Ninyi mtakaobaki hapa ndio mnaopaswa kujua desturi hii ilitoka wapi, na nawaambia mapema kuwa haikutoka pazuri.

Zamani hizo, ambazo hata bibi wa bibi yangu alizisikia tu, mambo yalikuwa kinyume. Mpishi wa Ihonda hakutazamwa. Jiko lilizibwa kwa pazia la ngozi ya ng'ombe, na mtu aliyechungulia chungu kabla hakijaepuliwa alihesabiwa kuwa ameitukana mikono ya mpishi. Ilikuwa adabu, tena watu waliionea fahari. Walisema wanaoaminiana hawachunguliani.

Tena kulikuwa na sheria ya miaka ya ukame. Mvua zikikosa kunyesha, mtemi aliamuru nafaka zote ziwekwe katika ghala moja na watu wote wale chungu kimoja. Mpishi ndiye pekee aliyeingia ghalani, na kadiri nafaka ilivyopungua, naye alipunguza kipimo. Kila uji ulipotolewa, mzee aliyechaguliwa alichovya mwiko na kuuinua juu, watu wote wauone. Uji ukiushika mwiko na kudondoka polepole, maana yake akiba ipo, watu wakae. Uji ukikimbia mwikoni kama maji, siku hiyohiyo watu walifunga mizigo wakaelekea kusini, ng'ambo ya milima, kwa wajomba zao walioishi kando ya mto usiokauka. Wazee walioitunga sheria hiyo hawakuwa wajinga. Njia ile ilipanda mawe na kushuka mawe, na walijua kuwa mtu akingoja njaa immalize ndipo aanze safari, hafiki.

Asiyeweza kutembea aliachwa. Aliachiwa kibuyu cha maji na fungu lake la nafaka, mlango ukazibwa kwa miiba ili fisi wasiingie, jamaa zake wakaenda bila kugeuka nyuma. Nayo ilikuwa sheria.

Mpishi wa mwaka ninaousimulia alikuwa Mbeleje, mjane mfupi, mchache wa maneno, ambaye watu walisema mikono yake inajua uzito. Alijua mlenda uliokaushwa na kupondwa unavyoshika mchuzi. Alijua magadi kiasi gani huufanya uvutike na kiasi gani huuharibu. Alijua pia kwamba gundi ya mgunga, ikilowekwa tangu jana, huwa kama ute wa yai na kuyapa maji mwili. Ujuzi huo ulitokana na huruma. Mama mkwe wake alipopooza, kila tone la maji lilimpalia, akawa anaiogopa kiu na kuyaogopa maji vilevile. Mbeleje akajaribu hiki na kile mpaka alipoyatia maji gundi kidogo, yakateremka kooni taratibu, na bibi kizee yule akanywa akatulia. Tangu hapo wazee wasio na meno walimpenda Mbeleje kuliko watoto wao wenyewe.

Mzee wa mwiko alikuwa Madeje, aliyemwoa dada yake Mbeleje na kufiwa naye. Alikuwa mtani wake. "Shemeji," alizoea kumwambia, "wewe ukiachiwa mto peke yako, utatusongea ugali."

"Lete kuni kwanza," Mbeleje alimjibu.

Mbeleje alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Sechelela. Mume wa Sechelela alikuwa ameswaga ng'ombe mbali kutafuta malisho, na habari zake zilikuwa hazijulikani. Sechelela mwenyewe alikuwa mjamzito, mzito, miguu imevimba, hata kwenda kisimani alishindwa. Kila mtu aliyemwona alihesabu mambo mawili kimyakimya, mimba yake na ghala.

Siku ilifika Mbeleje alipochota unga akajua, kabla hajaukoroga, kwamba uji wa leo utakimbia mwikoni. Alisimama na kata mkononi. Kupitia upenyo wa pazia alimwona binti yake ameegemea ukuta, amenyoosha miguu, anajipepea kwa jani. Akilini aliiona miiba mlangoni pa binti huyo. Kando ya jiko kulikuwa na chungu kidogo cha gundi iliyolowekwa kwa ajili ya mzee mmoja asiyeweza kumeza. Mbeleje akakimimina chote katika uji, akaongeza mlenda mkavu wa kujaa kiganja, akakoroga mpaka mkono ukauma.

Madeje alichovya mwiko, akauinua. Uji uliushika, ukadondoka polepole kama uji wa mwaka wa mavuno. "Bado tupo," akatangaza, na watu wakashusha pumzi. Mbeleje, nyuma ya pazia, alikisuuza kile chungu kidogo na kukifunika.

Alijiambia ni kwa siku chache tu, mpaka mtoto azaliwe. Uongo wa huruma huanza hivyo siku zote. Wako wanaomlaani Mbeleje wakilitaja jina lake, nami siwazuii, lakini mimi sijawahi kuambiwa nimzibie mwanangu mlango kwa miiba, kwa hiyo ulimi wangu huwa mzito hapo.

Mtoto hakuzaliwa upesi. Kila adhuhuri, watu walipojilaza vivulini, Mbeleje alitoka na shoka akaichanja migunga, kisha akarudi kubandua madonge ya gundi yaliyokauka juu ya majeraha. Unga aliupunguza, gundi akaizidisha. Alijifariji kwamba kwa njia hiyo anaitunza akiba ya watu. Na kweli ghala halikuisha haraka. Watu ndio walioanza kuisha.

Walikula wakashiba. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote, kwamba walishiba. Uji ulikuwa mzito ulimini, ulijaza tumbo, na mtu aliyeshiba huona haya kusema ana njaa. Waliambiana, "Tumbo limejaa, magoti yana njaa," wakacheka, wakadhani ni joto. Watoto waliacha kukimbizana. Madeje alianza kuuegemea mwiko kama mkongojo akisubiri uji utolewe. Alipozikwa mtoto wa kwanza walisema ni homa. Walipozikwa wengine walisema homa imeingia kijijini, wakaenda kutambikia. Mbeleje aliyasikia yote hayo akiwa nyuma ya ngozi yake, akakoroga.

Siku moja Sechelela alimwambia, "Mama, nina hamu ya ukoko."

"Chungu hakikushika leo."

"Hata jana hakikushika. Mama, uji mzito hivi, ukoko wake unakwenda wapi?"

Mbeleje akamsogezea bakuli. "Kula, mwanangu."

Sechelela alimtazama mama yake. Alikuwa amekulia katika jiko hilo na alijua kuwa ni unga tu unaoshika chini ya chungu. Hakuuliza tena. Alilichukua bakuli akala, kwa maana naye aliijua miiba, naye alitaka kuishi.

Hatimaye Sechelela alijifungua asubuhi moja, mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi. Mbeleje alimwosha, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya upenyo wa pazia alijiona mwepesi. Alipanga moyoni: ataacha gundi, uji ukimbie mwikoni, watu waondoke, na binti yake atatembea nao akiwa na mtoto mgongoni.

Mtoto aliwekwa kifuani akanyonya, hakupata kitu. Wakasema maziwa huchelewa. Mbeleje akamletea Sechelela bakuli la uji, kisha la pili, kisha fungu lake yeye mwenyewe. Sechelela akala mpaka akatapika, akala tena. Kifua kilibaki kikavu. Gundi hushika mwiko, hushika ulimi, hudanganya hata tumbo, lakini haigeuki maziwa. Mtoto alilia kwa nguvu, kisha akalia kidogo, kisha akawa anafungua mdomo tu bila sauti. Hakuwahi kupewa jina.

"Mama," Sechelela alisema akiwa amempakata, "nilijua."

"Nilijua kwamba unajua."

"Basi nenda ukawaambie. Mimi siwezi kusimama."

Wakati wa kula ulikuwa umefika, watu wamekaa na vibuyu vyao. Mbeleje aliishika ngozi kwa mikono miwili, akaing'oa, ikaanguka na vumbi lake. Hakuna aliyekuwa amewahi kuliona jiko lile. Alitoa ungo uliokuwa na unga wa siku nzima, unga usiotosha hata kufunika ungo, akauweka chini mbele yao. Kando yake akaweka mtungi wa gundi, uliojaa mpaka shingoni. Madeje alikuwa ameshachovya mwiko na kuuinua.

"Shemeji, ushushe," Mbeleje alisema. "Unachokiinua si unga."

Madeje aliinama, akatia kidole mtungini, akakionja. Kisha akautazama mwiko aliokuwa akiwainulia watu siku zote zile, na uji ukaendelea kudondoka polepole, mzuri wa kutazamwa. "Magoti yalituambia," alisema, "sisi tukauamini mwiko."

Hakuna aliyepiga kelele, kwani kelele nazo zinataka nguvu. Mtemi, aliyekuwa amewazika watoto wake kwa homa, aliamuru watu waondoke siku ileile. Nafaka iliyobaki ghalani iligawanywa. Ilikuwa nyingi kuliko walivyotarajia, na hilo liliwaumiza zaidi, kwa sababu hicho kilikuwa chakula walichopaswa kuwa wamekila wakati miguu ikiwa bado miguu. Waliokuwa hawawezi kusimama walizibiwa milango. Milango ilikuwa mingi na miiba haikutosha.

Sechelela aliinuka. Alikataa kushikwa mkono, akatembea na mtoto wake aliyekufa mgongoni kwa kuwa hakutaka kumwacha Ihonda. Madeje alikaa juu ya jiwe kwenye mwinuko wa kwanza, akasema tangulieni nitawafuata, wote wakajua hatafuata. Walioanguka hawakuchimbiwa kaburi, walifunikwa mawe. Kulipokuwa kunaonekana ukijani wa mto kwa mbali, Sechelela alikaa chini, akalala ubavu, asiinuke. Mbeleje alimfunika kwa mawe pamoja na mtoto, jiwe baada ya jiwe, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Kisha akawafuata wengine mpaka mtoni, kwa kuwa miguu yake, yeye aliyestahili kuanguka wa kwanza, ilikuwa bado na nguvu.

Waliofika wangetosha ua mmoja. Wako waliotaka Mbeleje atoswe mtoni, na wengine wakasema apelekwe porini aachwe. Mtemi alisikiliza, kisha akasema, "Akifa, atapumzika. Tena atakufa na ujuzi wake, na siku nyingine mwingine atatudanganya tusijue. Atapika. Ila safari hii tutamtazama."

Basi Mbeleje alipika mahali pa wazi, mvua ikinyesha na jua likiwaka, miaka yote iliyobaki ya maisha yake, kule mtoni na hata waliporudi Ihonda. Kila mlo aliubeba ungo akasimama mbele ya kila aliyefiwa, mmoja mmoja, mpaka mtu huyo aseme ameuona. Wengine walisema upesi ili aondoke. Wengine walimwacha amesimama, maji yakichemka mpaka yakakauka, naye akayatia mengine akarudi kusimama. Hakujitetea hata siku moja. Aliwaonesha wasichana tofauti ya uji ulioshikwa na unga na uji ulioshikwa na gundi, akawaambia watazame ukoko.

Na tangu hapo majiko ya Ihonda hayana pazia, na unga hauingii chunguni kabla ya kuonwa. Mlenda huliwa, tena tunaupenda, lakini hukaa katika bakuli lake ili kila mtu ajue ipi ni nafaka na upi ni mlenda. Gundi ya mgunga tumewaachia watoto watafune, na wagonjwa wanaopaliwa na maji, nao hutiliwa mbele ya macho ya watu. Mwanamke akijifungua, kabla hajapewa uji wowote, mama yake humjia na unga mkavu kiganjani. Aliyejifungua huuramba. Hauna ladha, hukwama kooni, humkohoza mpaka machozi yakamtoka, na hakuna anayempa maji mpaka aseme, "Mama, ni unga."