Bei ya Gari Lisilotembea

Hapo zamani, si zile za majini na wafalme bali hizi hizi za madalali na maturubai, palikuwa na mtu Tanga akiitwa Mbaraka, na Mbaraka alikuwa na gari la spoti. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama mende. Aliyemletea ni ndugu yake Twalibu, baharia, kutoka Japani. Baharia asiyeleta kitu kikubwa nyumbani watu husema alikwenda kutembea tu.

Mbaraka alilipenda gari lile hata hakuliendesha. Siku ya Idi alilitoa hadi msikitini, watu wakatazama, akalirudisha. Siku nyingine zote lilikaa chini ya turubai. Mkewe Saumu ndiye aliyelifuta vumbi, akalifukuzia kuku, akaliwasha kila Ijumaa injini isife. Ufunguo aliufunga pindoni mwa kanga. Mume alimwamini kwa ufunguo. Kwa usukani hakumwamini, ingawa Saumu aliolewa tayari ana leseni.

Masika moja binti yao wa pekee, Tatu, alishikwa na homa, shingo ikakakamaa. Saumu akasema watoe gari. Mbaraka akatazama njia, matope matupu, akasema gari lile si la matope, akatoka kwenda kutafuta bajaji. Saumu akabaki na mtoto mapajani na ufunguo pindoni, akisubiri. Bajaji ilifika jua limeshageuka. Homa ya uti wa mgongo, walisema hospitalini, laiti mngewahi. Tatu alipona. Masikio hayakupona. Na gari likabaki chini ya turubai.

Miaka ikapita, Mbaraka akafa. Saumu akiwa bado kwenye eda, Twalibu akamleta dalali Kidege, na Kidege akamleta mnunuzi, Bwana Ndesario wa Moshi. Wanaume walisimama uwani. Saumu alikaa ndani, nyuma ya pazia lililofunguliwa kidogo, na mlangoni alisimama Tatu, sasa msichana mkubwa, mgongo kwa wageni, akisoma midomo ya mama yake. Alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha viziwi, mkoa wa mbali. Ada ilikuwa chini ya turubai.

Ndesario akachungulia uvungu, akapapasa viti, akasoma kilomita, akacheka. Mita imechezewa, akasema. Gari la umri huu haliwezi kuwa na kilomita za baiskeli. Akataja nusu ya bei. Twalibu akaapa. Kidege akaapa zaidi, kwani kuapa ndiyo kazi yake. Ndesario akageuka aende zake.

Ndipo Kidege akaligeukia pazia. "Shemeji, utanisamehe na eda yako. Mwambie huyu bwana kwa nini gari halikutembea."

Saumu alijua anaulizwa nini.

"Halikutembea," akasema. "Hata siku mwanangu alipokuwa anakufa, halikutembea. Lilikuwa hapo hapo lilipo. Nililiona kwa dirisha. Mwanangu ndiye huyo mlangoni, na tangu siku ile hasikii."

Lakini Ndesario alikuwa mtu makini. Akamsogelea Tatu kwa nyuma, akapiga makofi kisogoni pake. Tatu hakugeuka. Ndesario akalipa bei kamili, akaomba ufunguo, na Saumu akafungua pindo la kanga.

Ilikuwa masika tena. Gari likakatiza dimbwi la kwanza, likakatiza la pili, likakata kona bila hata kuyumba.

Ile nusu ya kwanza, aliyoitaja Ndesario mwanzoni, haikuwa na ugomvi. Sheikh wa mtaa aliigawa kama mirathi: mke sehemu yake, binti nusu, ndugu kilichobaki. Ugomvi ulikuwa juu ya nyongeza, ile nusu ya pili iliyopatikana baada ya Saumu kusema.

Twalibu akasema, "Mirathi ni mirathi. Hizo kilomita chache nilizileta mimi tangu bandarini. Tumeuza gari, hatukuuza msiba."

Kidege akasema, "Bwana mkubwa, mlikuwa mnaapa tu hapa na mteja anaondoka. Nani alijua pa kuuliza?"

Saumu akasema, "Nimelitunza kwa mikono, na leo nimeliuza kwa mdomo. Nyongeza ni yangu, nimsomeshe mwanangu."

Akabaki Tatu. Akasema kwa sauti yake nzito, ile asiyoisikia mwenyewe, "Upepo wa yale makofi ulinigusa shingoni. Hakumpigia mama. Kilichonunuliwa ni masikio yangu."

Kisha akamgeukia mama yake. Miaka yote hiyo aliamini kwamba baba, alipokwenda kutafuta bajaji, aliondoka na ufunguo. Akalishika pindo la kanga, bado limekunjamana pale fundo lilipokuwa.

"Siku ile, mama, ulikuwa nao wewe?"

Saumu alikuwa na majibu mengi, na yote aliyafanyia mazoezi kwa miaka. Midomo yake haikusogea, na Tatu akaendelea kuitazama.

Pesa ziko kwa sheikh mpaka leo. Haya, nyinyi mnaojua kugawa: nyongeza ile ni stahili ya nani? Na mkisema ni ya Saumu, nani kati yenu atakwenda kusimama mbele ya Tatu na kumwambia hivyo, polepole, asome midomo?