Aliyelikuza Yai

Kaeni vizuri, kwa maana mwishoni nitawaomba kitu.

Walikuwapo wanawake watatu. Daktari Rukia wa Moshi alisoma picha za ultrasound kama wengine wasomavyo gazeti. Namkunda wa Same, fundi cherehani, alikuwa na mkono usiotetemeka. Jirani yake Mama Zubeda, muuza soda, alijua kutunza baridi. Wote walimpenda Naetwe, mwalimu, mke wa Mbwambo, aliyekuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto.

Daktari Rukia alianza na homoni ya kukuza mayai, ile inayotengenezwa maabara. Baada ya siku kumi za sindano yakapatikana mayai kumi na moja. Yalirutubishwa, lakini hakuna lililoishi hadi siku ya tano. Daktari alikaa na faili la Naetwe wiki nzima, kisha akamwita.

"Ipo homoni ya zamani zaidi. Huchujwa kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Kwa wengi, matokeo ya dawa hizi mbili hukaribiana. Kwako ningependa tuijaribu."

"Mkojo wa bibi za watu, daktari?"

"Uliosafishwa."

Naetwe alicheka mpaka akashika ukuta.

Namkunda, dada yake Mbwambo, ndiye aliyemchoma sindano. Mbwambo alishika sindano mara moja, ikabidi akae chini. Basi kila jioni, saa kumi na mbili kamili, Namkunda aliacha cherehani akavuka barabara. Siku ya mvua alifika na viatu mkononi.

"Wifi, geuka. Mabibi wamefika."

Mama Zubeda alitunza dawa. Joto la Same lilipita nyuzi thelathini na tano, na dawa ile haikutakiwa kuzidi ishirini na tano. Siku ya saba umeme ulikatika asubuhi. Alifunga duka, akachukua barafu kwa muuza samaki, akaiweka pamoja na dawa kwenye ndoo, akaizungushia ndoo khanga, akakaa nayo na kipimajoto mpaka jioni. Wateja walipogonga aliwajibu kupitia dirishani:

"Leo sina soda. Nina mtoto humu."

Yakapatikana mayai manne. Moja likaishi, likapandikizwa. Akazaliwa msichana.

Siku ya tatu baada ya kujifungua Naetwe alitokwa na damu, nayo haikukoma. Alimwambia mumewe, "Mpe jina la aliyelikuza yai lile. Lisiwe langu. Sitaki aitwe, watu walie."

Baada ya msiba, Mbwambo aliwauliza wanawake wale watatu ni nani aliyelikuza yai.

"Dawa ikipata joto ni maji tu," alisema Mama Zubeda.

"Na ikikaa kwenye ndoo, shoga, inamwingiaje mtu?" alisema Namkunda.

Daktari Rukia alijibu kwa simu. "Ningerudia dawa ya kwanza, sijui kama leo tungekuwa na mtoto wa kumpa jina." Kisha akaongeza, "Lakini mimi nilichagua tu, Bwana Mbwambo. Waliokuza ni wale mabibi."

Hao Mbwambo hakuwa amewafikiria. Wanawake wazee wa nchi asiyoijua, ambao hawakuwahi kumsikia Naetwe. Hawawezi kudai, na hakuna wa kumwambia majina yao.

Kesho mtoto anatimiza wiki sita, na ni siku ya chanjo. Nesi amesema safari hii jina lazima liwepo. Kwenye kadi, tangu siku ya kuzaliwa, pameandikwa "Mtoto wa Naetwe". Hakuna karatasi nyingine inayowataja hao wawili pamoja. Jina lolote atakaloandika Mbwambo, hayo maneno matatu yatakatwa.

Mtoto amelala kifuani pake. Mkono mmoja umemshika. Mwingine una kalamu.

Mmoja alichagua, mmoja alichoma, mmoja alitunza, na wengine walitoa bila kujua. Jina ni moja. Wewe unayenisikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika la nani?