Kadi ya Bwana na Bibi

Kaeni, wapendwa, kaeni vizuri. Leo nitawachanganya, na msinilaumu, maana mimi mwenyewe nimechanganyikiwa tangu Ijumaa. Nimekuja na mfano. Nimeutunga jana asubuhi nikinyoa ndevu, kwa hiyo msianze kugeuka na kunong'onezana kwamba anasemwa fulani. Hasemwi mtu wa kwenye mabenchi hayo. Yule atakayesemwa mtamjua mwishoni.

Haya, mchukulieni mama mmoja mjane, anaishi peke yake huku chini kwenye migomba, na magoti yanamsumbua. Mume wake ana miezi minane tangu azikwe, na bahasha za nyumba ile alikuwa anazipokea yeye. Siku mbili kabla ya Krismasi mzee wa kanisa akampitia na bahasha. Bahasha nene, ya rangi ya dhahabu. Ninyi mnajua bahasha nene kwetu maana yake nini: kuna mtoto wa mtu anaoa, na unatakiwa kuchangia. Mama akashukuru, akaiweka mezani, akaanza kuizunguka kama vile ni kuku mgeni aliyeingia ndani.

Mwishowe akaipeleka kwa jirani yake, fundi cherehani, kwa sababu macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Fundi akakata bahasha kwa mkasi wake, akafungua kadi, na kadi ikaanza kuimba. Ndiyo, zipo za hivyo siku hizi, ndani kuna betri ndogo kama kifungo cha shati. Ikaimba wimbo wa Krismasi kwa sauti ya mbu. Fundi akaifunga, ikanyamaza. Akaifungua, ikaimba. Na ule unga wa kung'aa ukamwagika wote juu ya sketi nyeusi ya mteja, na mpaka leo sketi ile inameta kwenye mikunjo ya mishono na mwenyewe hajui kwa nini.

Mnacheka. Mimi pia nilicheka nikijikata na wembe. Lakini sikilizeni kilichoandikwa. Kilikuwa kimechapwa kwa herufi nzuri zilizolala: kwa Bwana na Bibi, na jina la mume wake limebandikwa hapo, familia yetu inawakumbuka nyote wawili katika sikukuu hii, Mungu awape maisha marefu pamoja.

Mama akaomba asomewe tena. Akasomewa tena, na kadi ikaimba tena wimbo wote.

Sasa ningekuwa mimi, ningesema hawa wamekosea, ningeining'iniza kadi kwenye uzi pale sebuleni pamoja na nyingine, maisha yaendelee. Mama hakuelewa hivyo. Yeye amelelewa kwamba salamu ikija huitikiwa, na hakuna salamu inayoachwa njiani. Kwa hiyo aliwaza hivi: kumbe kuna nyumba mahali fulani inampenda mume wangu, inamkumbuka kwa jina, na haijui kwamba amefariki. Miezi minane mizima watu hawa wanamwombea maisha marefu mtu aliyeko kaburini, kwa sababu mimi sikuwapelekea habari ya msiba. Akaona aibu. Nawauliza, alikosea wapi? Mimi nimetafuta mahali alipokosea sijapaona.

Ikawa sasa ni kumjua mwenye kadi. Chini palikuwa na herufi tatu na jina la ukoo, kama mtu anavyoandikwa kwenye kitambulisho. Na sisi hapa nani anamjua mwenzake kwa jina la kitambulisho? Mtu ni Baba fulani, ni Mama fulani, basi. Ukoo wenyewe una nyumba zaidi ya hamsini mlimani. Fundi hakumjua, mama hakumjua. Wakamuuliza mzee wa kanisa, naye alichojua ni kwamba alipewa furushi zima la bahasha na kijana wa kazi kwenye nyumba mpya yenye bati la bluu, juu kabisa, karibu na tangi la maji.

Lakini hakwenda siku ile, wala hakwenda Krismasi. Habari ya msiba huipeleki kwenye nyumba ya watu siku wanayoshangilia. Alikula Krismasi yake kwa fundi, huku ana habari ya watu ameikalia. Fundi anasema alimsikia akijaribu maneno ya kuanzia, akiyarudia taratibu, jinsi ya kumwambia mtu asizimie.

Tarehe ishirini na sita asubuhi akavaa kitenge chake cha ibada. Akachukua kadi. Akachukua na ile karatasi ya ratiba ya mazishi yenye picha ya mume wake, ili wasione kama anawatania. Akapanda na magoti yale. Mahali ambapo wewe unapanda dakika ishirini yeye alitumia saa nzima na zaidi, akipumzika kwenye mawe, akikaza kitenge, akiendelea.

Kule juu watu walikuwa wanafanya usafi baada ya sikukuu. Mnajua nyumba inavyokuwa siku ya pili. Maputo yamelegea ukutani, sahani za plastiki zimejaa ndoo, karatasi za zawadi zenye ua la utepe zimechanwa hata hazijafikisha siku moja. Mwenye nyumba mwenyewe, baba wa makamo, alikuwa nyuma ya nyumba na reki, anasukumia kila kitu kwenye shimo la taka lililo kati ya migomba yake. Na kadi alizotumiwa yeye, rundo zima, nazo alikuwa anazisukumia humo humo. Nyingine hazikuwa zimetolewa kwenye bahasha.

Mama akafika ukingoni mwa shimo. Yule baba akainua kichwa, akaona mgeni, akasema karibu, akauliza kama ametumwa na mtu, akauliza kama kuna shida. Mama akamtazama sana. Halafu akasema, "Kumbe ni wewe, Baba Ndeshi."

Wapendwa, huyu Baba Ndeshi alikuwa ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu siku ya mazishi. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alisimama pale kaburini akasoma mzee alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, aliugua nini na alifariki saa ngapi. Na alisoma vizuri, watu walilia.

Mama hakukasirika. Ndicho kinachonisumbua katika mfano wangu mwenyewe, kwamba hakukasirika. Alichanganyikiwa tu. Akachungulia nyuma ya Baba Ndeshi, upande huu na upande ule, akimtafuta mtu mwingine. Kisha akafungua kadi, ikaimba, akaionyesha.

"Baba, aliyeandika hapa hajui kwamba mzee wangu amefariki. Nimekuja kumpa habari. Lakini wewe unajua, ulisoma wewe. Kwa hiyo aliyenisalimia siyo wewe. Naomba mniitie mwenyewe."

Baba Ndeshi akatazama kadi, akaona herufi zake tatu, akaona jina la ukoo wake. Akaanza kueleza. Kwamba ana orodha ya majina aliyoipeleka duka la steshenari miaka minne iliyopita. Kwamba kila mwaka anawapigia simu tu, wao wanachapa zilezile, wanabandika majina yaleyale, wanaleta boksi. Kwamba yeye hata hafungui boksi.

"Mama, hizo ni salamu tu za sikukuu," akasema. "Huwa tunatuma kwa watu wote."

Mama akauliza, "Wote ndio nani?"

Yule baba akarudi kusukuma reki yake. Na kadi moja ndani ya shimo, labda imeguswa na reki, ikafunguka kidogo, ikaanza kuimba. Wimbo uleule. Chini ya maganda ya ndizi na sahani za plastiki, inawatakia watu heri. Wakaisikiliza wote wawili, yeye na reki yake, mama na ratiba yake ya mazishi, mpaka ikaisha, ikaanza tena.

Mama akaikunja kadi yake vizuri, akamwekea Baba Ndeshi mkononi. Hakuitupa shimoni, hapana, alimpa mkononi.

"Basi ukimwona aliyeniandikia," akasema, "mwambie nilikuja kumwitikia."

Akageuka akaanza kushuka. Na ndipo Baba Ndeshi akakumbuka kwamba tangu mama amefika hajamwamkia. Ametuma salamu mia tatu za kuimba, na shikamoo moja ya bure haijamtoka.

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa tuzungumze sisi.

Najua mtakavyofanya mkifika nyumbani. Mtasema mchungaji amekataza kadi. Sijakataza. Kama una dada yako yuko mbali, ukakaa chini ukamwandikia kwa mkono wako, hata nyuma ya kadi ya mwaka jana, andika na Mungu akubariki. Wengine mtasema, mchungaji tumekuelewa, mwaka huu hatununui makaratasi, tutatuma kwenye simu. Hapo ndipo ninapozidi kuchanganyikiwa. Ile picha ya mshumaa unayoitumia kwa watu mia mbili kwa kidole kimoja ukiwa umelala kitandani, ina tofauti gani na boksi la Baba Ndeshi? Haijazi shimo, hilo nakubali, na migomba itashukuru. Lakini yule mama atapanda mlima kumtafuta nani?

Na shimo nalo lipo, tusilipite haraka haraka. Januari iliyopita nililima nyuma ya nyumba ya mchungaji, jembe likatoa utepe wa dhahabu. Haujaoza, haujafifia, unameta tu kwenye udongo. Mimi sijawahi kufunga zawadi kwa utepe ule. Ni wa mchungaji aliyenitangulia, au aliyemtangulia yeye. Nilisimama na utepe mkononi nikajiuliza zawadi yenyewe ilikuwa nini, na ilikuwa ya nani, na kama yeyote aliye hai anakumbuka. Mnadhani yupo?

Tunasherehekea nini kwani? Mimi nafundisha watoto wa kipaimara kila Jumamosi, nikiulizwa hili nalijibu haraka. Tunasherehekea kwamba Mungu alipotaka kutusalimia hakututumia kitu, alikuja mwenyewe. Nimelihubiri jambo hilo miaka kumi na tisa. Na wakati ninalihubiri, mkono huu huu ulikuwa unasaini oda ya kadi.

Sasa niwaambie ya Ijumaa, ndipo mtamjua anayesemwa.

Pale ofisini kuna maboksi mawili. Ni kadi za usharika, mia nne, zenye picha yangu nimevaa kanzu na maneno kwamba mchungaji wenu anawakumbuka ninyi na wote wa nyumbani mwenu. Haziimbi, namshukuru Mungu, bajeti ilikataa. Ilikuwa zigawiwe leo mlangoni. Ijumaa nilikaa na orodha ya majina nikaanza kuyasoma, siyo kwa sababu ya utakatifu, ni kwa sababu mvua ilinizuia kutoka. Nikafika jina la tatu, nikasimama. Nikaendelea, nikasimama tena. Katika orodha ile kuna watu saba ambao mwaka huu niliwazika mimi. Nilimwaga udongo kwa mkono huu. Na bahasha zao ziko tayari, zimefungwa, zinawatakia mwaka mpya wenye afya.

Nilikaa pale mpaka mvua ikaisha. Nilitaka kuzitoa zile saba nizichome, nigawe zilizobaki, na nisiseme kitu, nanyi msingejua kamwe. Kisha nikazishika hizi nyingine mia tatu tisini na tatu, za walio hai, nikajiuliza ni wangapi humo ninaowakumbuka kweli. Wapendwa, nimeona haya. Naona haya hata sasa nikiwaambia.

Kwa hiyo leo mlangoni hamtapewa kitu. Picha yangu itakatwa, na upande mweupe wa nyuma walimu wa shule ya Jumapili wanautaka kwa ajili ya watoto kuchorea. Wale saba, wiki hii nitakwenda kwenye nyumba zao kwa miguu, moja moja, na sijui nitasema nini nikifika. Nitaanza na kuamkia. Zaidi ya hapo sijui, na sitawadanganya kwamba najua.

Na kuna jambo moja siwezi kulisubirisha mpaka hiyo wiki ya kutembea. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango wa kushoto, kuna mama mmoja mwenye kitenge cha kijani. Mama, usitazame nyuma, ni wewe. Huu ni mwaka wa nne unakaa hapo hapo. Kadi yako ipo kwenye boksi, imeandikwa "Mama na familia", kwa sababu hakuna aliyewahi kukuuliza jina, na wa kwanza katika wasiokuuliza ni mimi.

Mwalimu wa kwaya, naomba usianzishe wimbo kwanza. Nishikieni hii miwani. Nashuka.

Shikamoo, mama. Unaitwa nani?