Atakayejiona Asimame

Hadithi hii nililetewa na ndugu yangu mmoja, nikaisoma mara mbili kabla ya kuituma huku. Nanyi isomeni bila haraka.

Pale Same, karibu na stendi ya mabasi, alikuwepo muuza magazeti aitwaye Elirehema Mgonja. Kila asubuhi basi lilipomshushia vifurushi, aliyapanga magazeti mezani, akayawekea mawe yasichukuliwe na upepo, kisha akaanza kazi ya pili, ambayo ndiyo aliyoipenda zaidi: kutoa maoni.

Watu walikuja kusoma vichwa vya habari bure, wakabaki kumsikiliza. Bei ya mafuta ikipanda, Mgonja alijua sababu. Timu ikifungwa, alijua kosa lilikuwa la nani. Mtoto wa mtu akiharibikiwa, alijua mzazi alipojikwaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi mwepesi na wasikilizaji wengi, na viwili hivyo vikikutana humlevya mtu bila pombe.

Siku moja gazeti lilikuja na kichwa hiki: WANAFUNZI WAIGIZA WAZAZI WAO JUKWAANI.

Mgonja alisoma jina la shule, moyo ukamruka. Ndiyo shule aliyokuwa akisoma binti yake wa pekee, Nakijwa, kidato cha tatu. Mwaka uliopita binti huyo alimwomba ruhusa ya kujiunga na kikundi cha maigizo, naye akamjibu mbele ya wateja, "Sanaa ni ya waliokosa kazi. Shika kitabu." Nakijwa akashika kitabu, na neno hilo halikurudi tena kinywani mwake.

"Mnaona?" Mgonja aliwaambia watu waliozunguka meza. "Mtoto akikuigiza leo, kesho atakuzomea. Huo ndio ulezi wa siku hizi!"

"Wanasema nini humo ndani?" mmoja akauliza.

"Kichwa kinatosha," akajibu.

Alirudia maneno hayo asubuhi nzima, na kila aliporudia yaliongezeka ukali. Kufikia adhuhuri alikuwa na wazazi kumi na wawili nyuma yake, wote wakielekea shuleni kudai igizo hilo lipigwe marufuku.

Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja mpole kutoka Bukoba, Mwalimu Tumwesige. Aliwakaribisha, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee Mgonja, igizo umeliona?"

"Sijaliona, Mwalimu. Lakini huhitaji nyoka akung'ate ndipo umjue."

Mwalimu Tumwesige alitabasamu kidogo. "Basi tufanye hivi. Jumamosi saa nne watoto wataliigiza bwaloni, mbele ya wazazi peke yao. Atakayejiona katika igizo hilo asimame. Akisimama hata mmoja, neno lake ndilo litakalofuatwa. Akisema lifutwe, nitalifuta palepale."

Wazazi wakatazamana. Sharti lilikuwa rahisi mno. Walitoka wakicheka, maana waliona wameshinda tayari.

Jumamosi bwalo lilijaa. Mgonja alikaa safu ya mbele, koti limenyooshwa, tayari kusimama.

Igizo lilianza. Msichana mmoja aliyevaa koti kubwa la kiume aliketi mezani. Huyo ndiye baba. Wageni wakaanza kuingia mmoja mmoja kumwuliza mambo. Mmoja aliuliza kuhusu serikali, mwingine kuhusu harusi ya jirani, wa tatu kuhusu mpira. Baba aliwajibu wote kwa kidole kilichonyanyuliwa juu. Wazazi walicheka mpaka machozi.

Lakini pembeni mwa meza alisimama mtoto na karatasi mkononi.

"Baba."

"Subiri, nina mgeni."

Mgeni akatoka. "Baba."

"Subiri, huyu naye ana swali."

Mara ya tatu mtoto hakuita. Aliiweka karatasi juu ya kiti, akaondoka taratibu. Baba alipomaliza wageni wake, akageuka akiwa amechangamka: "Haya, ulikuwa unasemaje?" Akakikuta kiti kitupu. Akaiokota karatasi, akaishika mbele ya macho yake, na hapo igizo likaisha.

Kicheko kilikuwa kimekufa zamani.

Mwalimu Tumwesige akapanda jukwaani. "Wazazi wangu, tulikubaliana. Aliyejiona asimame."

Hakuna aliyesimama. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Kusimama ni kulifuta igizo, ndiyo. Lakini kusimama pia ni kukiri mbele ya mji mzima. Nyuma ya Mgonja mtu mmoja alinong'ona, "Baba Nakijwa, si simama tu, tumalize."

Mgonja alihisi masikio yanawaka. Aliona waziwazi kwamba watoto wale walikuwa wamekaa stendi wakimchora yeye: kidole chake, "subiri" yake. Nani mwingine angewapa habari za nyumbani kwake kama si Nakijwa? Alitaka kusimama kwa hasira. Kisha akajaribu kukumbuka mara ya mwisho binti yake alipomwambia jambo refu kuliko "shikamoo" na "chakula tayari". Alitafuta, alitafuta, asilipate.

Akasimama. Hasira ilikuwa imemtoka.

"Nimejiona," alisema kwa sauti ambayo wateja wake hawakuizoea.

Watoto jukwaani wakainamisha vichwa.

"Neno ni lako, Mzee Mgonja," alisema Mwalimu. "Tulifute?"

"Msilifute. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ile karatasi imeandikwa nini?"

"Haijaandikwa kitu. Mtunzi alisema kila mzazi ana ya kwake."

"Mtunzi ni binti yangu. Najua."

Mwalimu Tumwesige akatikisa kichwa. "Nakijwa hakutia hata neno moja. Ulimkataza, naye alikutii. Mtunzi ni Kokushubira, binti yangu mimi. Na mtu aliyemwandika hapa siyo wewe, baba, wala si yeyote kati yenu. Ni mimi, amenivika koti la baba tu. Shule nzima huja ofisini kwangu na maswali, na mwanangu alisimama mlangoni miaka miwili. Siku ya mazoezi ya kwanza nilikaa bwaloni humu peke yangu, nikasimama peke yangu."

Mgonja alikaa polepole. Nyuma yake kiti kimoja kililia, mzazi akasimama. Kisha wa pili. Baada ya muda mfupi ilikuwa kazi kumwona aliyebaki ameketi.

Alipofika nyumbani alimkuta Nakijwa uani akichambua mchele. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Mwanangu, una neno lolote ulilotaka kuniambia?"

Binti alimtazama kwa mshangao. "Sina, baba."

Mgonja alikuwa na maoni juu ya jibu hilo. Aliyameza. Alichukua mchele kidogo kwenye ungo, akaanza kuchambua naye, kimya.

Kesho yake alifanya vivyo hivyo. Kesho kutwa pia. Siku ya nne, bila kuinua macho, Nakijwa akasema:

"Baba, mimi ubao siuoni vizuri. Tangu mwaka jana. Huwa nanakili daftari la mwenzangu."

Alama zake za hesabu zilikuwa zimeshuka mihula mitatu mfululizo, na kila muhula Mgonja alitoa sababu: uvivu. Aliwahi hata kumtaja stendi kama mfano wa watoto wa siku hizi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia, baba. Ulikuwa na watu."

Hakujitetea. Asubuhi iliyofuata meza ya magazeti haikupangwa. Waliokuja kusoma vichwa vya habari walimwona Mgonja akipanda basi la Moshi na binti yake, wakienda kwa daktari wa macho. Walimwita kwa mbali wamwulize maoni yake juu ya habari za siku ile. Hakusikia, maana Nakijwa alikuwa katikati ya sentensi.

Funzo: Mwenye majibu ya maswali ya mji mzima huenda hajalisikia swali la mwanawe; kabla hujahukumu ulezi wa wenzako, nyamaza kwanza, uketi karibu na wako.