Sharti la Tajiri Mbaruku

Mashahidi wote walikubaliana kwamba sharti la kujengewa nyumba lilitoka kinywani mwa tajiri Mbaruku mwenyewe: "Nimechoka na mchoraji kumsingizia mjenzi. Atakayechora ramani ndiye atakayejenga, na nyumba ikipasuka, kiwanja chake ni changu."

Fundi Siwema, ambaye hakuwa na mali ila kiwanja alichorithi kwa mamake, alikubali. Akachora mchangani nyumba yenye choo katikati ya sebule.

"Mwanamke, una wazimu?" Mbaruku alifoka, akaifuta ramani kwa kiatu.

"Basi nioneshe, bwana mkubwa."

Mbaruku alinyakua kijiti, akachora vyumba vyote hadi baraza.

"Umemaliza?"

"Naam! Ramani huchorwa hivi."

"Mashallah," alisema Siwema, akimkabidhi mwiko. "Saruji ile pale, fundi."

Nawe msikilizaji, ungeamua mwiko ushikwe na nani?