Bati Lililofia Ghalani

Kwaruu!

— Mmesikia hiyo, usiku wa manane?
— Tumesikia!
— Ngano inabisha hodi!
— Ifungulie, iingie!
— Imelowa miguu!
— Na ikae, ikauke!

Basi imekaa, lakini haijatulia, maana ile kwaruu ilikuwa sauti ya meno kwenye alumini.

Palikuwa na kisiwa katikati ya mto. Kisiwani palikuwa na boti moja kuukuu ya alumini, iliyoachwa na wapima maji. Asubuhi wanyama wakaikuta ina tundu ubavuni, pana kama sinia. Wote waliziona alama za meno. Wote walimjua mwenye meno. Hakuna aliyemtaja.

Hata mimi simtaji. Nasema tu Yule. Yule mwenye mdomo kama mlango wa ghala, mwili kama pipa la lami, mchana majini, usiku majanini. Kisiwani walisema ukimtaja anasikia, na akisikia anakuja. Babu hakumtaja, mjukuu hakumtaja.

Kwa nini aliitoboa boti? Alitaka kuvusha yeye, mgongoni, na ujira wake ni nusu ya mzigo. Na mto ulikuwa unajaa. Kila alfajiri Bi Kanga alichomeka kijiti ukingoni. Kila jioni kijiti kilikuwa kimemezwa.

"Bwana Mkubwa, nivushe na wanangu," Bi Kanga akamwomba. "Mzigo sina."

"Wanao wangapi?"

"Tisa. Hawajaota mbawa za kurukia."

"Basi mzigo unao. Nusu ya tisa ni tano."

"Ni wanne na nusu, Bwana."

"Nusu kifaranga mimi sichukui. Tano."

Bi Kanga akakimbia mpaka kwa Pimbi, fundi mdogo asiye na mkia. Pimbi akaingiza kichwa tunduni, akatokea upande wa pili.

"Hii inataka kiraka cha alumini, bibi. Nakwenda kukitafuta."

Tapu tapu tapu, mpaka kwa Nyani.

"Shemeji, una bati?"

"Ninalo, la paa."

Pimbi akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaining'iniza kwa uzi. Ta! Ikanasa.

"Hili chuma. Chuma na alumini wakilowa pamoja, hulana."

Maji yakapanda kidole.

Tapu tapu tapu, mpaka kwa Ngiri.

"Mzee, una bati?"

"Nina mfuniko wa sufuria."

Sumaku ikateleza, haikunasa.

"Alumini yenyewe! Lakini huu utaziba mdomo wangu, mzee, hautaziba boti."

Maji yakapanda kidole kingine.

Tapu tapu tapu, mpaka kwa Kunguru. Kunguru alikuwa na vizibo vya soda tu.

"Alumini pana iko kwa... kwa..." Akautazama mto, akanong'ona, "kwa Yule."

Kweli. Yule alikuwa na ghala ukingoni. Kila bati lililoletwa na maji alilikusanya: milango ya magari, mapipa, makarai. Havikumfaa kitu. Alitaka tu visimfae mwingine.

Pimbi hakula, hakukaa, hakutulia. Kulipokucha akaenda ghalani analia.

"Uwiii! Mtani wangu! Pole na msiba!"

Pimbi na Yule walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani hafukuzwi msibani.

"Msiba gani, wewe uliyeibiwa mkia?"

"Umefiwa ndani mwako hujui? Kwa visikio hivyo, ungesikiaje kilio!"

Akaingia. Akaining'iniza sumaku mbele ya mlango wa gari. Ta!

"Huyu yu hai. Amenishika mkono."

Mbele ya pipa. Ta!

"Huyu naye yu hai."

Mbele ya bati pana la alumini. Kimya. Akarudia. Kimya. Pimbi akaketi chini, akajishika kichwa.

"Amekufa, mtani."

"Unasema!"

"Mguse."

Yule akaweka shavu. "Lo! Baridi!"

Pembeni palikuwa na kopo la ribiti za alumini, vijimisumari vya kuungia mabati. Sumaku ikapita. Kimya.

"Na watoto wake wote," Pimbi akasema. "Na hawa wengine, unaona madoa mekundu? Wameshaanza kuugua. Wakilala na maiti usiku mmoja tu..."

Yule akaitazama kutu, akarudi nyuma. "Mtoe! Watoe wote!"

"Nitawatoa. Mfiwa habebi maiti, mtani ndiye mzikaji. Wewe kaa matanga humu, siku tatu. Ukitoka kabla, msiba utawashukia waliobaki."

Yule akakaa. Pimbi na wenzake wakalibeba bati, wanaimba taratibu, wanakwenda mbio.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Mtani!" Yule akaita toka ghalani. "Kelele gani hizo?"

"Jeneza!"

Siku ya pili, ngo, ngo, ngo.

"Mtani! Jeneza gani lisiloisha?"

"Marehemu alikuwa mpana!"

Yule akalia. Hajawahi kumlilia mtu, ila bati alililia.

Pimbi akakata kwa tindo, akaviringa pembe, akapaka lami, akapigilia ribiti moja baada ya nyingine. "Fundi," Bi Kanga akasema, "maji yamefika kiotani." Ngo, ngo. "Fundi, yamefika magotini mwa wanangu." Ngo! Ribiti ya mwisho. Siku tatu zilipotimia, jua linachomoza, wakaishusha boti majini.

Ikavuja? Haikuvuja.

Yule akatoka ghalani, matanga yamekwisha. Akamwona marehemu wake katikati ya mto, anang'aa, anatembea juu ya maji, watoto wake wamemzunguka. Angeifikia boti kwa mapigo manne. Akafunua mdomo. Kisha akaikumbuka ile baridi shavuni.

"Amefufuka! Mtani, mwambie nilimlilia!"

"Nitamwambia, mtani!"

Bwuuu! Yule akazama mpaka topeni, ikabaki pua tu.

Ng'ambo wakashuka vifaranga tisa, si wanne. Mdogo kuliko wote akakigonga kiraka kwa mdomo wake, ti ti.

"Mama, boti yetu aliitoboa nani?"

Nyani akatazama chini. Kunguru akatazama juu. Hata Pimbi akakohoa. Bi Kanga akageuka, akautazama mto ulioimeza nyumba yake, akafunua mdomo.

— Hapo ngano inasimama, inaaga.
— Isiage! Alisema nini?
— Kwanza mafunzo. Msibani mtu haulizi maswali.
— Tumeyashika!
— Na mkubwa hatajwi jina, hata akiacha meno yake ubavuni mwako.
— Tumeyashika! Alisema nini?
— Ngano imetoka, fungeni mlango.
— Hatufungi! Alisema nini?
— Alisema, mto wote ukasikia: "Kiboko."