Muziki wa Kila Mtu Achague

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kualikana karamu, Chui alikuwa na desturi ya kutisha. Kila baada ya mavuno aliita wapiga zeze watatu wampigie wimbo wa babu yake. Atakayekosea, analiwa. Mwaka uliotangulia Kima alikosea sauti moja tu. Wageni walikuwa bado wameshika sahani alipoliwa, na hakuna aliyeweza kumeza tena.

Mwaka huu waliitwa Pimbi, Bi Kanga na Mzee Kobe, ambaye mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

"Mjukuu wangu," Kobe alimwambia Pimbi njiani, "mimi leo sirudi."

"Utarudi, babu. Wewe ukifika, piga unachotaka."

Walipofika, wageni walikuwa wamekwisha kuketi, Nyati na mkewe wakiwa mbele. Pimbi akamwamkia mwenyeji. "Shikamoo, Bwana Chui. Tumekuja na muziki mpya. Kila mpigaji anachagua mwenyewe apige nini, aanze lini, amalize lini."

Chui akameza mate. Watakosea wote watatu, akawaza. "Pigeni," akasema. "Kila mmoja achague. Ila akikosea, namla. Nyati, wewe ni shahidi."

Wakaanza. Kanga akadonoa uzi, ti-ti-ti-ti, bila kupumzika. Pimbi akakwaruza kibuyu cha zeze kwa uta, krrr, krrr. Kobe alikaa kimya muda mrefu, kisha, ndwiii, mkono ukitetemeka na sauti ikitetemeka nao. Wageni walipigwa na butwaa. Mke wa Nyati aliziba masikio, kisha akayazibua asikie vizuri.

Chui akaruka. "Kobe amekosea. Alikuwa amenyamaza."

"Alichagua kunyamaza," Pimbi akajibu, huku akiendelea kupiga.

"Na huyo Kanga anarudia kitu kilekile."

"Amechagua kurudia."

Chui akamgeukia Nyati. Nyati akatafuna, akameza, akasema, "Umetamka mbele yetu wote, kila mmoja achague. Mimi kosa silioni."

Chui hakuwahi kukatazwa nyumbani kwake. Akakaa, akajituliza: mwishoni lazima mmoja atateleza. "Haya. Wimbo wenu unaisha lini?"

"Kila mtu na mwisho wake, bwana. Na mahali pa kupigia pia tunachagua."

Basi Kobe akainuka kwanza, maana ndiye mzito wa mwendo, akatoka mlangoni polepole akipiga zeze. Ndwiii. Chui alikaza macho, asijue kama hilo nalo ni muziki. Baadaye sana akatoka Kanga, ti-ti-ti-ti, akapotelea vichakani. Pimbi akatoka wa mwisho, krrr, krrr, hadi kwenye majabali, akaingia ufa ambao hata kucha ya Chui haiingii.

Chui alibaki ametega sikio, akingoja wimbo uishe. Wageni walikwisha kwenda zao, sahani zilikwisha kuoshwa, naye bado anangoja.

Anayewinda makosa ya wenzake, siku kosa likikosekana hulala njaa.